Somo: Zoezi kwenye saa ya pombe, wiki 8 za mwanzo

Anayeacha pombe huambiwa "fanya tizi", akaachiwa hapo. Basi anakimbia alfajiri, na saa 12 jioni miguu inampeleka mangweni, kwenye kilabu cha mnazi, kama jana. Zoezi la alfajiri halikuigusa saa ile. Somo hili ni la kuliweka zoezi pale pombe ilipokuwa ikikaa.

Tusidanganyane: mazoezi husaidia pumzi, usingizi na huzuni, lakini ushahidi kwamba peke yake yanamwachisha mtu kunywa ni haba. Yaende pamoja na ushauri nasaha, na dawa kama daktari ameziandika.

Kabla ya kuanza. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla, kutetemeka na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege, ikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48. Kuweweseka na kuona visivyokuwapo hufuata siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo huua. Siku hizo hakuna tizi. Anayehitaji kutoa loki, yaani kunywa kidogo kila asubuhi ili atulie, asiache peke yake nyumbani. Aende kwanza Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, au kituo kilicho karibu, au apige 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Sisi hungoja wiki nzima: mikono imetulia, chakula kinakaa tumboni, presha na moyo vimepimwa. Pombe ya miaka mingi hulegeza msuli wa moyo bila mwenyewe kujua.

Hatua ya 1: itafute saa. Siku 3 mfululizo andika hamu imekuja saa ngapi. Kwa wengi wa mjini ni wakati wa kutoka kazini, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Uwe njiani dakika 20 kabla haijafika.

Hatua ya 2: ichague njia. Isipite mangwe wala baa, hata ikiwa ndefu zaidi. Mama Ngina panafaa: kuna upepo, na jioni kuna watu. Ukipenda ufuo wa Nyali, sikiliza bahari kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa yamejaa alasiri na kinachobaki ni mchanga laini unaotesa vifundo. Siku hizo tumia barabara. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, jioni mara nyingi bahari imekupwa, na mchanga ulio karibu na maji ni mgumu kama sakafu. Beba nauli tu. M-Pesa ni baa iliyo mfukoni, kwa hiyo simu abebe mwenzako.

Hatua ya 3: kipimo. Wiki 2 za kwanza ni dakika 15, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Wiki ya 3 na ya 4, dakika 20 hadi 25. Kuanzia ya 5, dakika 30, yaani 150 kwa wiki, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Kuanzia wiki ya 3 ongeza siku 2 za nguvu: kuinuka kitini mara 10, kuusukuma ukuta mara 10, raundi 2. Pombe hula misuli ya mapaja na mabega, ndiyo maana ngazi humshinda mtu mwenye mwili mkubwa.

Hatua ya 4: tumbo. Njaa hujifanya hamu ya pombe, na ini lililochoka halitoi sukari vizuri. Saa moja kabla, kula hamri na mbaazi au ndizi 2, kisha kunywa nusu lita ya maji. Kaskazi ikivuma, Januari hadi Machi, malizia na dafu. Linunue kwa mwenye mkokoteni, si kwa mgema!

Hamu ikipanda nje ya ratiba, toka utembee kwa kasi dakika 10 hadi 15. Mara nyingi hushuka kabla nusu saa haijaisha.

Panapoharibika. Wiki ya pili mwili unachangamka, mtu anaruka hadi kilomita 8, goti linavimba, analala siku 3. Jioni hizo 3 tupu ndizo za hatari. Timu ya mtaa inayomalizia mechi baa nayo si timu yako kwa sasa. Zoezi kali saa 3 usiku hufukuza usingizi ambao tayari ni mchache.

Kifua kikibana, mapigo yakirukaruka, macho yakiwa manjano au ukitapika damu, simama uende hospitali.

MASWALI (kila moja na mtaa wa Mombasa lilikotoka)

*Changamwe: Nafanya kazi usiku bandarini. Saa yangu ya pombe ni saa 1 asubuhi.*
Basi zoezi ni saa 1 asubuhi, kaka. Tembea, kula, kisha lala chumba chenye giza.

*Majengo: Na Ramadhani?*
Dakika 20 za polepole kabla ya maghribi, ufike nyumbani adhana ikiita, au baada ya tarawehe. Mwenye dawa za kila siku amuulize daktari kabla ya mwezi kuandama.

*Kisauni: Miguu ina ganzi, ndara hunivuka bila kuhisi.*
Mishipa ya fahamu imeumia, na upungufu wa vitamini B1 huchangia. Nenda ukapimwe, ami. Kwa sasa fanya zoezi la kitini, vaa viatu vya kufunika, kagua nyayo kila usiku. Ufuoni usitembee peku.

*Tudor: Nimepewa propranololi. Saa ya mkononi inasema mapigo 85 nami nahema.*
Dawa hiyo hushusha mapigo, kwa hiyo saa inakudanganya. Fuata kipimo cha kuzungumza. Usiiache dawa kwa sababu ya saa.

*Likoni: Mume wangu aliteleza Jumamosi. Leo anataka akimbie sana "aitoe".*
Jasho halitoi pombe, dada. Ini ndilo linaloitoa, na haliharakishwi. Kama ilikuwa jioni moja, angoje apate nguvu, ale, kisha arudi kwa nusu ya kipimo chake. Kama amekunywa siku kadhaa mfululizo, arudi kwa daktari kwanza, na viatu vya mbio vikae mlangoni.