Kabla ya thelathini: vitu vinavyotangulia orodha yako

Nilipotimiza miaka ishirini na miwili niliandika mambo kumi na tisa nyuma ya kaunta buku la madeni la duka la mama, pale Busia upande wa Uganda. Kuona bahari. Kufika Wagagai, kilele cha Mlima Elgon. Kuona gorila kwa macho yangu. Kujua kuogelea. Kujifunza gari. Kupanda mnara wa msikiti wa Old Kampala. Mengine leo yananitia aibu, siyataji. Nikajiwekea mpaka: yote kabla ya thelathini. Miaka mitatu ikapita nimepiga tiki mbili tu, na moja yao ilikuwa kunyoa upara.

Siku zote nilisingizia pesa. Jioni moja nikakaa na lile kaunta buku nikapitia jambo moja moja, nikijiuliza kwa nini halijafanyika. Pesa ilikuwa imezuia saba au manane. Yaliyobaki yalikwamishwa na kitu kidogo kilichotakiwa kuwepo kwanza: karatasi, siku nne za ruhusa, pumzi, mtu wa kwenda naye. Mnara wa Old Kampala, kwa mfano, una ngazi mia tatu na kitu na kiingilio chake hakimfilisi mtu. Nilikuwa nikipita chini yake kila wiki nikienda kununua bidhaa. Kilichonizuia ni kwamba sikuwahi kubeba mtandio wala kuvaa sketi ndefu siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta nauli, chukua kalamu na mbele ya kila jambo andika kinacholitangulia. Na ukiwa hapo, futa. Kuna vitu umeviandika kwa sababu umeona picha za watu wengine. Mimi nilikuwa na kuruka na parachuti, nami hata ngazi ya kupaka chokaa inanitia kizunguzungu. Nililifuta na sijalikumbuka tena.

Karatasi ndizo zinazokwamisha watu wengi, na sisi watu wa mpakani ndio wabaya zaidi. Ukizaliwa Busia unavuka kwenda upande wa Kenya kununua mkate na kurudi kabla chai haijapoa. Hakuna anayekuuliza jina. Ukizoea hivyo unasahau kwamba basi la Nairobi haliendi na njia za panya. Safari yangu ya kwanza ya kwenda kuona bahari ilivunjika siku mbili kabla. Nilipekua mkoba mzima, kitambulisho cha taifa hakimo. Ikabidi nirudie hatua zangu za mwezi mzima kichwani, mpaka nikakumbuka jengo moja mjini Kampala ambako askari wa geti huchukua kitambulisho chako unapoingia. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilipofika huko, wiki ilikuwa imeisha na basi limekwenda. Kitambulisho kilikuwa ndani ya boksi la viatu, kimefungwa raba pamoja na vingine zaidi ya thelathini. Askari alivichambua kama karata. Wenye hivyo vingine wako wapi, mpaka leo najiuliza.

Angalia kitambulisho chako leo, si wiki ya safari. Kwa raia wa Uganda kinatosha kuingia Kenya na Rwanda. Ukiwa na Zanzibar kwenye orodha, hiyo ni Tanzania, na huko panga kwenda na pasipoti. Ya kawaida ada yake ni shilingi 250,000, na huipati siku unayoiomba. Ukipoteza kitambulisho utaanzia polisi kuchukua barua, kisha ofisi za usajili, kisha kungoja. Halafu kuna kadi ya homa ya manjano. Chanjo moja inakutosha maisha yako yote, ila cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Ukidungwa Ijumaa ili uvuke Jumatatu, umedungwa bure kwa safari hiyo.

Kitambulisho hichohicho ndicho kinachokupa bei ya mwenyeji kwa gorila wa Bwindi. Kwa bei zilizoanza Julai 2024, raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 kwa kibali, wakati mgeni asiye mkazi analipa dola 800. Tofauti hiyo si ndogo, na huwezi kuidai kwa mdomo. Lakini wengi wetu tunaona hiyo laki tatu tukadhani ndiyo safari yenyewe. Bado hujafika: kutoka Kampala ni siku nzima barabarani, utalala usiku usiopungua miwili, na ukiwa mwerevu utamlipa mpagazi, kwa sababu milima ile ina matope na huenda mkatembea nusu siku kabla ya kuwafikia. Kibali pia kina eneo lake. Bwindi ina Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kutoka moja hadi nyingine kwa gari ni masaa. Kuna rafiki yangu aliyepata kibali cha Rushaga akakodi chumba Buhoma kwa kuwa kilikuwa rahisi. Asubuhi saa mbili, wenzake walipokuwa wanapewa maelekezo, yeye alikuwa bado anazunguka milima kwenye boda. Kila familia ya gorila hupokea watu wanane tu kwa siku, kwa saa moja. Na ukifika unapiga chafya, hauruhusiwi kuingia, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Wiki ile usikumbatiane na mtoto mwenye makamasi.

Kuhusu siku za ruhusa, sheria ya ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Hizo ni 21 kwa mwaka, na watu wanaziacha zinaoza. Ziombe mapema, uziunganishe na sikukuu: Juni ina tarehe 3 na tarehe 9, ndani ya wiki moja, na kwa bahati nzuri Juni pia ni kiangazi. Mvua zetu za kusini na mashariki zinapiga Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Karamoja, kule kaskazini mashariki, ina hesabu yake, mvua ya huko inanyesha katikati ya mwaka, basi anayetaka mbuga ya Kidepo asitumie kalenda ya Mbale.

Kwa mwenye boda, mwenye kibanda cha chapati, fundi, hakuna likizo. Kwako wewe siku nne za mlimani ni nauli na chakula, pamoja na siku nne ambazo hukuingiza kitu, na mteja aliyehamia kwa jirani. Iandike hiyo pesa kwenye hesabu. Nimeona watu wakirudi kutoka safari nzuri wakaanza kukopa pesa ya unga wa posho wiki ileile.

Namna nilivyoweka akiba ni nigina, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Tulikuwa wasichana sita, kila mmoja elfu ishirini kwa wiki, na zamu yangu niliomba iangukie mwezi wa safari. Zikikaa kwenye simu nazila. Nikizitoa kidogo kidogo na makato yananila mimi. Nigina ina macho kumi yanayokutazama.

Sasa mwili. Wagagai ni mita 4,321, na kwa kuwa haihitaji kamba wala kupanda mwamba, watu huidharau. Nami niliidharau. Nilinunua viatu soko la Owino siku tatu kabla, vizuri, vigumu, vya ngozi, vimenikaa sawasawa nikiwa nimesimama. Tulianzia Budadiri kwa njia ya Sasa, siku nne kwenda na kurudi. Kupanda hakukunisumbua sana. Kushuka ndiko kulikonionyesha: mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, kidole gumba kinagonga ngozi, hatua elfu baada ya hatua elfu. Siku ya nne nilivua soksi nikakuta kucha mbili zimekuwa rangi ya zambarau. Moja iling'oka nikiwa nyumbani, nikiosha vyombo. Viatu vya mlima vinatakiwa vitembee na wewe mwezi mzima, sokoni, msikitini, kanisani, hadi vikuzoee, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya kuingiza kidole cha mkono kisigino kikiwa nyuma kabisa. Kata kucha kabla ya kuondoka. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kupanda ukiwa juu, mwambie renja. Dawa yake ni kushuka, hata kama kilele unakiona.

Mazoezi si lazima yawe ya kulipia. Kampala imejengwa juu ya vilima. Mimi nilipanda Kololo na begi lenye chupa sita za maji, kila Jumamosi, miezi miwili.

Kuogelea nako tuna mazoea mabaya: tunataka kurukia mawimbi ya Mto Nile kule Jinja, nasi hata kuelea hatujui. Jaketi utapewa, ndiyo, lakini hofu ndiyo inayokunywesha maji. Jifunze kwanza kwenye bwawa lenye mwalimu. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kandokando penye majani na konokono. Ukioga huko, nenda ukapime baadaye. Ziwa Bunyonyi linasifiwa kuwa halina kichocho wala mamba, ila ni refu kwenda chini na maji yake ni ya baridi, si mahali pa kujifunzia. Mimi bado nashika ukingo. Mwalimu wangu ameacha kunicheka.

Kuna mambo hayakungoji, nayo yapande juu ya orodha hata kama ni magumu. Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, yaliungua Machi 2010. Waliokuwa wakisema tutakwenda siku moja walikwenda kutazama majivu, na ujenzi wake ulichukua zaidi ya miaka kumi. Barafu ya Rwenzori inayeyuka. Kilele cha Margherita, mita 5,109, bado kinafikiwa kwa kamba na vyuma vya kuvaa kwenye buti, wiki nzima ya kutembea kwa gambuti kwenye tope, lakini atakayekifikia baada ya miaka ishirini huenda akakuta mawe matupu.

Magoti ya wazazi nayo hayangoji. Nilipomuaga mama nikienda Wagagai aliniuliza, "Huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Na unalipa?"

Sikuwa na jibu. Akanipa sweta la marehemu baba na namba ya simu ya jirani, maana ya kwake huzima. Mwachie mtu anayekupenda jina la njia, jina la mnakolala na siku ya kurudi, hata kama anadhani umerukwa na akili.

Bahari niliiona hatimaye, nikiwa na ishirini na saba: basi usiku kucha hadi Nairobi, kisha treni hadi Mombasa. Lugha niliyoizungumza tangu utotoni nilisikia ikizungumzwa na muuza madafu kwa namna iliyonifanya nijione mgeni ndani yake. Nilirudi na chupa ya maji ya chumvi. Mama akachovya kidole, akaonja, akanyamaza. Kesho yake akauliza nauli ni kiasi gani.

Tunaondoka Agosti. Nigina imeshazunguka, chanjo amedungwa Mei, na kitambulisho chake nimekikagua mara mbili. Kiko kwenye fundo la leso yake, na geti lolote likikitaka itabidi walifungue wenyewe.