Kabla ya dripu ya kwanza: beba kipimajoto, beba na vicheko

Katika kemotherapi, yaani kutibu saratani kwa dawa, utani una mwenyewe, naye ni mgonjwa. Ikiwa wewe ndiye utakayekaa kwenye kile kiti, waambie wa nyumbani mapema nini mnaweza kukicheka pamoja na nini wakiache. Kuna anayetania upara wake tangu siku ya kwanza lakini hataki kusikia neno kuhusu kovu la upasuaji. Wa kukusindikiza mchague kwa kigezo hicho hicho: awe anajua kuchekesha, na anajua kunyamaza.

Siku chache kabla, au asubuhi hiyo hiyo, utapimwa damu. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zikiwa chache mno, dawa huahirishwa. Inakera kwa mtu aliyekwisha kujipa moyo, ila haina maana kwamba tiba imeshindikana. Kama bado unataka watoto, uliza sasa, maana kuhifadhi mbegu au mayai hufanyika kabla dawa hazijaanza. Muone daktari wa meno, na utaje kila dawa unayotumia, mitishamba ikiwemo.

Vaa nguo yenye mikono inayopanda kwa urahisi hadi juu ya kiwiko, au ya vifungo mbele kama umewekewa kifaa cha kupitishia dawa kifuani. Chukua na shali. Vichekesho vipakue kwenye simu kabla ya kutoka, na usisahau spika za masikioni, kwa sababu jirani yako huenda amepokea habari mbaya dakika hiyo. Chagua vifupi vifupi: baadhi ya dawa hutanguliwa na sindano ya kuzuia mzio inayoleta usingizi, na filamu ndefu itakupotea katikati. Kwa sababu hiyo pia, usiendeshe gari kurudi. Kula kidogo kabla, lakini si chakula ukipendacho kuliko vyote. Kichefuchefu kikikukuta nacho, unaweza kukichukia chakula hicho kwa muda mrefu.

Uliza jina la kila dawa na vituko vyake. Doksorubisini ni nyekundu, na mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Asiyeambiwa hupiga kelele chooni akidhani anatoka damu. Aliyeambiwa huweza kucheka. Oksaliplatini nayo hufanya maji baridi yachome koo na chuma baridi kichome vidole.

Kuna mahali utani unakoma. Mahali pa sindano pakichoma au mkono ukivimba dripu ikiendelea, mwite muuguzi papo hapo, kwani dawa nyingine zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Akikuuliza hali, usimjibu “bado napumua” halafu basi. Chekeni pamoja, kisha mpe hesabu: umetapika mara ngapi, umekunywa vikombe vingapi, umepata choo lini. Mzaha mzaha hutunga usaha, na hapa ni kweli tupu. Chembe nyeupe mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Joto likifika nyuzi 38, piga namba ya dharura uliyopewa hata kama ni usiku wa manane, na usimeze parasetamoli kabla ya kupima, kwa sababu huificha homa.

Dawa za kichefuchefu zimeze kwa saa ulizoandikiwa. Ukisubiri tumbo lichafuke umechelewa. Ondansetroni, mojawapo ya dawa hizo, hufunga choo, hivyo uliza mapema utumie nini. Deksamethasoni, nyingine ya kichefuchefu, humkesesha mtu, basi uliza kama unaweza kuinywa asubuhi. Sukutua mdomo mara kadhaa kwa siku kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu chenye robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea na nusu ya kiasi hicho cha chumvi, ukipiga mswaki laini. Kwa saa 48 baada ya dawa funika choo kabla ya kuvuta maji na unawe mikono vizuri, kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka na mkojo, kinyesi na matapishi.

Nywele, kwa dawa zinazozitoa, huanza kuanguka wiki ya 2 au ya 3. Wanaopenda kunyolewa kwa vicheko waalike watu wao kabla ya hapo, lakini watumie mashine badala ya wembe: mkwaruzo mdogo kichwani ni mlango wa vijidudu wakati kinga imeshuka.