Kufundisha chanzo cha Uprotestanti kwa kamba ya mita mbili na nusu

Tafuta kamba ya makumbi, uifunge barazani nguzo kwa nguzo, uikaze, kisha ndipo upime sentimita 250. Ukipima kabla ya kuikaza vipimo vitahama, maana makumbi hunyumbuka. Sentimita moja ni mwaka mmoja: sifuri ni 1300, mwisho ni 1550. Matukio yaandike kwenye karatasi, uyabane kwa vibanio vya nguo, moja baada ya jengine, usiyatundike yote kwa pamoja.

Anza na 9: mwaka 1309 Papa Clement V anaweka makao Avignon, kusini mwa Ufaransa ya leo. Kwenye 77 Gregory XI anarudi Roma. Kwenye 78 bana karatasi mbili. Aprili 1378 makardinali walimchagua Urban VI. Septemba wengi wao wakamchagua Clement VII, wakidai kwamba mara ya kwanza walitishwa na umati wa Roma. Kwenye 109 ongeza ya tatu: mtaguso (mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa) wa Pisa uliwavua wote wawili madaraka na kuchagua mwengine, wale hawakukubali, wakawa watatu. Wanafunzi huchanganyikiwa hapa, na wana sababu. Usiwakaririshe majina. Wape swali moja walishike: mapapa wakipingana, nani ana neno la mwisho? Mtaguso wa Constance ulijibu mwaka 1415 kwamba mtaguso una mamlaka yake kutoka kwa Kristo moja kwa moja, na hata papa anapaswa kuutii. Julai ya mwaka huohuo ulimhukumu Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, kuwa mzushi, akachomwa moto. Novemba 1417 akachaguliwa Martin V, na mgawanyiko ukaisha.

Sasa pima kutoka 117 mpaka 217, yaani 1517, mwaka ambao Martin Luther, mtawa wa Kijerumani, alitoa hoja zake kuhusu hati za rehema, na Uprotestanti ukaanzia hapo. Ni mita nzima. Waache waitazame, kwa sababu vitabu vingi vya skuli huruka kutoka mapapa watatu hadi Luther kana kwamba ni jana na leo. Ndani ya mita hiyo bana 160, Pius II anapokataza kukata rufaa kwa mtaguso dhidi ya papa, na 176, Sixtus IV anapoiruhusu rehema (kuondolewa adhabu ya dhambi) iwafikie marehemu walioko toharani, yaani wanaotakaswa baada ya kufa. Bana na 205: Julai 1505 Luther anaingia monasteri Erfurt, na mwezi huohuo Wareno wanaiteka Kilwa. Kwa mtoto wa Unguja au Pemba, karatasi hiyo huutia ule wakati ndani ya historia anayoijua.

Kosa kubwa la walimu ni kufanya uuzaji wa hati za rehema kuwa sababu yote. Uovu wa viongozi ulilalamikiwa miaka mingi kabla yake. Luther alitoka kwenye swali jengine. Wanateolojia kama Gabriel Biel walifundisha kuwa mtu akifanya lililo ndani ya uwezo wake, Mungu hamnyimi neema. Luther akajiuliza: basi nitajuaje kuwa nimefanya la kutosha? Nusu ya kipindi itumie hapa.

Kiswahili kitakusaidia, na kitakutega. Andika ubaoni "haki ya Mungu", Warumi 1:17. Darasa litasikia haki ya mahakamani, hakimu anayeadhibu. Hivyo ndivyo Luther alivyoisoma mwanzo, akaichukia, mpaka alipoielewa kuwa haki anayopewa mtu kwa imani. Usiwasahihishe mapema. "Rehema" lakini ieleze mara moja: hapa si huruma tu, ni kuondolewa adhabu ya muda ya dhambi iliyokwisha kusamehewa. Kwenye darasa la Mji Mkongwe, penye watoto wa Mkunazini (Waanglikana), wa Minara Miwili (Wakatoliki) na Waislamu, mkanganyiko huo huzaa ugomvi usio wa lazima. Toharani nayo isichanganywe na tohara.

Mwisho chukua uzi mwekundu wa sentimita 120. Utavuka sentimita 104; zile 16 za ziada ni za mafundo. Funga ncha moja kwenye 219. Kwenye mdahalo wa Leipzig, mwaka 1519, Johann Eck, mwanateolojia mtetezi wa papa, alimbana Luther mpaka akasema kwamba hata mitaguso hukosea, na kwamba baadhi ya maneno ya Hus yaliyohukumiwa yalikuwa ya Kikristo. Ncha ya pili irudishe nyuma, uifunge kwenye 115.