Mtoto yuko Grade 9? Vile ya kuchagua skuli za senior (Grade 10 hadi 12) kabla hamjajaza fomu

Wazazi wenzangu wa Mombasa mulio na watoto Grade 9, tuongee mapema, manake mimi nilishtukia kijana amerudi nyumbani na karatasi ya kujaza skuli 12 na ticha anaitaka kesho yake asubuhi, tukaijaza usiku huo kwa majina tunayoyasikia sikia tu, na nikajuta sana. Skuli tuliyoiweka mbele kumbe haina kabisa ile kombinesheni ya masomo aliyokuwa akiitaka mwanangu.

Kwa hivyo kitu cha kwanza, achana na jina la skuli. Mkalishe mtoto muongee masomo. Mikondo, ama pathwei kama wanavyoita, iko mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Atasoma masomo 7, manne ni lazima (Kiingereza, Kiswahili, hesabu na lile la huduma kwa jamii) na matatu anachagua mwenyewe, na hayo matatu ndio kombinesheni, kila moja ina kodi yake, yaani namba yake ya kuitambulisha. Hapo msikilize yeye, si wewe. Kuna mtoto anapenda Kiarabu na historia kwa moyo wake wote halafu mzazi anamsukuma STEM kwa sababu jirani kapeleka wake huko, jamani tuwaonee huruma.

Mkishapata kombinesheni tatu kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili na ya tatu, ndio sasa mutafute skuli. Ingieni selection.education.go.ke, kwa simu inafunguka, ama nenda saiba. Muangalie kila skuli inafundisha nini. Skuli zote za senior zina STEM lakini sanaa na michezo si zote, kwa hivyo mwenye mtoto wa muziki ama mpira asikisie.

Mgao wenyewe ndio unaochanganya watu. Kila kombinesheni inataka skuli 4, jumla 12. Ndani ya hizo 12, tisa ni za bweni, yaani 3 za kaunti yako na 6 za nje, na 3 zilizobaki ni za dei, yaani za kutwa, kwenye sub-kaunti unayokaa. Hizo 6 za nje sisi tuna bahati, Kwale na Kilifi ziko hapa hapa, siku ya kumtembelea mtoto unaenda na kurudi. Na usijaze zote za C1, ambazo ndio zile nashno za zamani kama Shimo la Tewa na Mama Ngina, changanya na C2 (zile ekstra kaunti za zamani) na C3 (zile za kaunti) kulingana na maksi zake. Nafasi inahesabiwa hivi: KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Grade 9, asilimia 60, mtihani wa KPSEA aliofanya Grade 6 asilimia 20, na kazi za darasani za Grade 7 na 8 asilimia 20, kwa hivyo matokeo ya nyuma unayo tayari, yatoe uyaangalie.

Zile 3 za dei nakuomba usizijaze kwa kubahatisha ukidhani mtoto hatafika huko. Karo ya C1 ni shilingi 53,554 kwa mwaka na hapo hujanunua godoro wala sanduku, dei serikali inalipia masomo, wewe unabaki na chakula cha mchana, yunifomu na nauli. Nenda ukazione kwa macho yako siku ya skuli, tena ile saa ambayo mtoto atakuwa akisafiri, uone foleni ya feri Likoni ama jam ya Nyali iko vipi.

Ukifika uliza: walimu wa masomo yale matatu wapo ama wako kwa karatasi tu? Maabara inatumika? Maji yanatoka? Darasa moja lina watoto wangapi? Kwa bweni sisi Waislamu tuulize pia hijabu inaruhusiwa na yunifomu, pahali pa kuswali, na mwezi wa Ramadhani daku inapikwa saa ngapi, bora uulize sahii kuliko mtoto akupigie simu akilia. Halafu ukitoka simama pale steji uongee na wanafunzi wenyewe, hao watakwambia ambayo ofisini huambiwi.

Fomu ikijazwa hakikisha namba ya mtoto ya assessment na kodi za skuli ziko sawa, weka sahihi, piga picha, na umuombe ticha akuonyeshe alivyoingiza kwenye sistimu. Usimpe mtu pesa anayekuahidi nafasi. Akipangiwa skuli isiyomfaa, dirisha la kuomba kubadilishiwa huwa ni siku chache tu na inategemea nafasi iliyopo, kwa hivyo siku matokeo ya nafasi yakitoka ingia siku hio hio, usingoje wiki iishe.