Kuwakinga waendesha chenso dhidi ya mtetemo

Mkata miti anayemaliza zamu akashindwa kufunga vifungo vya shati lake, mara nyingi husingizia baridi. Katika mashamba ya miti ya Sao Hill, wilayani Mufindi, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, neno hilo huaminiwa upesi. Lakini ncha za vidole zikigeuka nyeupe na kufa ganzi, kisha zikawa nyekundu na kuuma zinapopata joto, msimamizi ajue kuwa mtetemo wa chenso, yaani msumeno wa injini, umeanza kuharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na ganzi ikishakomaa mara nyingi haiponi.

Anza na mashine. Kati ya vishikio na injini mna mipira au springi za kumeza mtetemo. Chenso ikiwa imezimwa, ikague, na mpira uliopasuka ubadilishwe kabla haijarudi msituni. Tazama pia mnyororo: ukitoa unga laini badala ya vipande vya mbao, meno yamekuwa butu, na mkataji atalazimika kuikandamiza mashine. Upigwe tupa.

Kisha hesabu dakika ambazo chenso inanguruma mkononi, si saa za zamu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 linamtaka mwajiri achukue hatua pale wastani wa mtetemo kwa saa 8 unapofikia mita 2.5 kwa sekunde mraba, na linakataza kuvuka 5. Chenso yenye mtetemo wa 5 hufikia kiwango hicho cha kwanza kwa saa 2. Yenye 10, kwa dakika 30 tu. Kwa hiyo wapange wakataji wawili wapokezane chenso moja, mwingine akipima magogo.

Glavu zinazouzwa kwa sifa ya kuzuia mtetemo nisingezitegemea. Faida yake kubwa ni kuiweka mikono kavu na yenye joto. Sigara nayo hubana mishipa ya damu.

Wakati wa kupima afya, jambo ambalo sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 ya usalama na afya kazini inamtaka mwajiri alifanye, daktari aelezwe mhusika hushika chenso kwa muda gani kwa siku na kidole kipi kilianza. Anayeogopa kuondolewa kwenye mashine atasema mikono yake ni mizima, hivyo atangaziwe mapema kwamba atapewa kazi nyingine kwa ujira uleule.