Kabla ya kutoboa: maandalizi ya vibao vya mpini wa kisu vinavyofunguka

Kwa kawaida vibao viwili vya mpini wa kisu hugandishwa kwenye chuma kwa gundi ya epoksi na kupigiliwa pini. Anayetaka vibao vya kufungua na kufunga hudhani kazi ni ileile, ila gundi haitumiki. Sivyo. Gundi ilikuwa inafanya kazi tatu kwa mpigo: inashika, inaziba maji yasipenye kati ya mbao na chuma, na inajaza mahali ambapo kibao hakikulala sawasawa. Ikiondoka, kushika kunahamia kwenye skrubu, na unyevu unabaki mikononi mwa mwenye kisu, atakayefungua na kukausha. Kujaza mianya hakurithiwi na kitu chochote. Nyuso zenyewe lazima zikutane. Kwa hiyo ubora wa mpini huu huamuliwa kwa vipimo vilivyoandikwa kabla biti ya drili haijagusa chuma.

Anza kwa kuuliza kama kisu chenyewe kinafaa. Hapa tunazungumzia kisu ambacho chuma chake kinaendelea hadi mwisho wa mpini kwa upana wote. Sehemu hiyo ya chuma tutaiita mkia. Mkia mwembamba uliofichwa ndani ya mpini haufungiki kwa njia hii. Unene wa milimita 3 hadi 5 unatosha. Kisu cha kukatia vitu vidogo kinahitaji skrubu mbili kila upande, zikiwa mbali kadiri nafasi inavyoruhusu. Kisu kizito cha kukata kwa kupiga kinahitaji skrubu tatu kila upande, kwa sababu kila pigo hutikisa vibao na skrubu mbili hulegea mapema.

Sasa njia ya kufungia. Wengine hukata hesi, yaani mifereji ya kuzungukia skrubu, moja kwa moja kwenye mkia, kisha skrubu zikaingia humo. Inawezekana, ila ina madhara yake: hesi zikikatwa kabla ya chuma kuchomwa, magamba ya moto huzijaza, na chuma kikishakuwa kigumu, tapu, kifaa cha kukatia hesi, haiingii tena kuzisafisha. Hesi ikichakaa, umeharibu kisu, si skrubu. Njia tunayoipendelea ni kibomba kifupi chenye hesi ndani, kinachopita kwenye tundu la mkia na kuingia kidogo katika kila kibao, kisha skrubu moja inaingia kila upande. Kibomba kikiharibika unaweka kingine. Tena kibomba chenyewe ndicho kinachozuia vibao visiteleze mbele na nyuma, kwa hiyo skrubu inabaki na kazi moja tu ya kubana.

Shika kalamu, maana hesabu ndiyo moyo wa kazi hii. Tuchukue mkia wa mm 4, vibao vya mm 8, kibomba chenye kipenyo cha nje cha mm 6 na hesi ya M4 (ya skrubu yenye kipenyo cha mm 4), na skrubu za M4 zenye kichwa cha mviringo. Kichwa hicho kina upana wa mm 7.6 na kimo cha mm 2.2. Kila kibao kitakuwa na tundu lenye ngazi tatu. Kutoka nje kuna shimo la mm 8, kina mm 3, ambamo kichwa kitazama. Kutoka ndani, upande unaogusa chuma, kuna shimo la mm 6, kina mm 3, la kupokea kibomba. Kati yake zinabaki mm 2 za ubao zenye tundu la mm 4.3, njia ya skrubu. Hilo bega la mm 2 ndilo linalobanwa.

Nafasi ya kibomba ni mm 4 za mkia pamoja na mm 3 kila upande: jumla mm 10. Kibomba chenyewe kikate mm 9, si 10. Ile milimita moja inayobaki, nusu kila upande, usiionee huruma. Kibomba kikilingana na nafasi yake au kikizidi hata kidogo, mkono utasikia skrubu imekaza kabisa huku vibao vikicheza, kwa sababu skrubu inakaza kibomba badala ya kubana ubao. Kosa hili huwasumbua wengi, na wengi hulaumu skrubu.

Urefu wa skrubu nao hautafutwi kwa kubahatisha. Kutoka kichwa kinapokaa juu ya bega hadi mwanzo wa kibomba ni mm 2.5. Skrubu yenye urefu wa mm 6 chini ya kichwa itaingia kwenye kibomba mm 3.5, mbili zinafanya mm 7 ndani ya kibomba cha mm 9, na zinabaki mm 2 katikati. Ukitumia za mm 8, kila moja inataka kuingia mm 5.5, jumla 11. Zitagongana katikati na kukazana zenyewe kwa zenyewe kabla vibao havijabanwa. Ukibadilisha unene wa mkia au wa kibao, rudia hesabu yote tangu mwanzo. Vilevile ubao laini ukidai washa, ile pete bapa ya chuma, chini ya kichwa: washa ya kawaida ya M4 ina upana wa mm 9 na unene wa mm 0.8, kwa hiyo shimo la nje linapanuka na kibao kinapaswa kuongezwa unene, ama sivyo bega litakonda mno.

Kumbuka pia kwamba mm 8 ni unene wa kibao kilichokwisha kuchongwa, mahali hasa skrubu itakapokaa. Ukipanga matundu kwa kibao kisichochongwa kisha ukaviringisha mpini hadi ukapoteza mm 2, vichwa vitatokeza nje na kukwaruza kiganja.

Matundu yote ya mkia yatobolewe chuma kikiwa bado laini. Kikishachomwa na kuzimwa kwenye mafuta, biti ya kawaida huungua ncha bila kupenya, na utahitaji biti ya kabaidi ambayo huvunjika ukiyumba. Toboa kwa mm 6.1 badala ya 6 kamili, kwa kuwa chuma hubadilika ukubwa kidogo kinapokuwa kigumu na magamba hula nafasi. Acha kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa mkia angalau upana wa tundu moja. Kisha ondoa makali ya midomo ya tundu kwa biti kubwa inayozungushwa kwa mkono, pande zote mbili. Ukingo wenye kucha ndipo ufa huanzia chuma kinapozimwa, na kucha hiyohiyo huzuia kibao kulala. Baada ya moto, safisha ndani ya tundu kwa msasa uliozungushiwa kijiti mpaka kibomba kipite kwa kusukumwa na kidole bila kucheza.

Moto huupinda mkia pia, wakati mwingine kiasi ambacho jicho halioni. Kabla ya kugusa vibao, weka msasa namba 120 juu ya kioo kinene, chora mistari ya kalamu kwenye uso wa mkia, na usugue. Mistari ikifutika pembeni ikabaki katikati, si tatizo. Baadhi ya mafundi huchimba katikati ya mkia kidogo kwa makusudi ili kingo pekee ziguse. Ikifutika katikati na kubaki pembeni, endelea kusugua, maana kibao kilicholala juu ya mgongo kitaonyesha mwanya kuzunguka mpini wote. Fanya hivyohivyo kwa nyuso za ndani za vibao, umalizie kwa namba 220. Kisha kamata kibao na mkia kwa vidole tu, bila klampu, uvielekeze kwenye mwanga. Klampu hudanganya: inafunga mwanya ambao skrubu mbili hazitaufunga.

Kuhusu mbao, jambo la kwanza ni ukavu. Kibao chenye unyevu kitakubali kusawazishwa leo, halafu wiki ijayo kikajikunja, na hakuna gundi ya kukishikilia. Kipime uzito kwenye mizani ndogo inayosoma gramu, kiache mahali kisu kitakapotumika, ukipime tena kila baada ya siku chache. Uzito usipobadilika tena, kiko tayari. Mbao ngumu zenye chembe zilizoshikana, kama mpingo, hustahimili mbano wa skrubu kuliko mbao laini. Micarta (kitambaa au karatasi iliyogandishwa kwa resini) na G10 (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi) hazijikunji kwa unyevu na hesabu ya unene inabaki vilevile mwaka mzima. Kwa mpini wa kwanza wa aina hii, hizo ndizo tungezichagua. Ila vumbi la G10 lina nyuzi za kioo na vumbi la mpingo huwasha ngozi na mapafu. Barakoa ya kuchuja vumbi laini, siyo kitambaa, iwepo kabla ya kuanza, na G10 isuguliwe ikiwa imelowa.

Metali za kufungia nazo zina tabia zake. Skrubu isiyoshika kutu ndani ya kibomba kisichoshika kutu inaweza kung'ang'ania, hesi zikalana hadi isifunguke tena, jambo ambalo linaua lengo lote la mpini huu. Kibomba cha shaba ya njano na skrubu isiyoshika kutu havilani hivyo. Ikibidi vyote viwe vya aina moja, paka grisi. Kwa kisu cha chuma cha kaboni kinacholowa mara kwa mara, ujue kwamba shaba au skrubu isiyoshika kutu ikigusana na chuma hicho penye maji, kinacholiwa ni chuma cha kisu. Utando mwembamba wa mafuta au nta juu ya mkia wote, hasa ndani ya matundu, upakwe kila vibao vinapofunguliwa.

Mezani viwepo: kalipa inayosoma sehemu za kumi za milimita, drili ya kusimama, biti za mm 4.3, 6 na 6.1, biti ya mm 8 yenye kitako bapa na ncha ya mwongozo wa mm 4.3, jiriwa, klampu mbili, alenki (ufunguo wa pembe sita) inayoingia vizuri kwenye kichwa cha skrubu, na skrubu za ziada za kuharibu. Ukitengeneza kibomba mwenyewe, tundu la kukatia hesi ya M4 ni mm 3.3. Makali ya kisu yafungwe kwa utepe mnene tangu mwanzo hadi mwisho, na kisu kisishikwe kwa mkono chini ya drili. Biti ikinasa, kinazunguka nacho.

Utaratibu wa kutoboa vibao uufahamu kabla, kwa sababu mkia ndio kiongozi. Bana kibao kwenye mkia juu ya kipande cha ubao chakavu, pitisha biti ya mm 6 katika tundu la mkia, toboa kibao kwa kina cha mm 3. Kina hicho hupimwa kwenye bega la biti, pale inapofikia upana wake kamili, si kwenye ncha. Ncha ya biti ya kawaida ya mm 6 ina urefu wa karibu mm 1.8. Ukipima kutoka ncha, ukuta wa shimo unapata kina cha mm 1.2 tu, kibomba kinakwama humo, na vibao vinaning'inia mbali na chuma. Alama ya katikati iliyoachwa na ncha hiyo ndiyo itakayoongoza biti ya mm 4.3 kupita hadi upande wa pili, na tundu hilo litaongoza biti ya mm 8 kutoka nje. Maliza shimo moja kwa ngazi zake zote, weka kibomba, funga, ndipo utoboe la pili. Ukitoboa yote mawili kwa mpigo, kibao kikiteleza kidogo tu, kibomba cha pili hakitaingia, na atakayepanua tundu ili kiingie atakuwa amepoteza kile kilichokuwa kinazuia vibao kuteleza.

Mwisho wa mbele wa vibao, ule unaotazama makali, uchongwe na kung'arishwa vibao vikiwa vimefungwa pamoja bila kisu, kwa pini za muda za mm 6. Vinginevyo havitakuwa sawa na kila jicho litaona. Kingo za juu na chini huchongwa vibao vikiwa kwenye mkia, kwa zile skrubu za kuharibu. Simama kila mara uguse chuma: kikichoma kidole, kipoeshe, kwani joto husafiri hadi kwenye makali na kuyalainisha.

Kabla ya mafuta ya mwisho, funga na ufungue mara tano. Kaza kwa mkono mfupi wa alenki tu. Tazama bega ndani ya shimo kama limezama au limepasuka, tazama kama kibomba kina alama ya kusuguliwa na ncha ya skrubu, na upitishe wembe kati ya kibao na chuma. Ukiingia mahali popote, rudi kwenye kioo na msasa. Gundi ya hesi, ile ya bluu inayokubali kufunguliwa kwa mkono, iwekwe tone moja siku ya kufunga kwa matumizi. Ile nyekundu inahitaji joto kali ili iachie, na joto hilo litaunguza vibao.