Kumpokea Mgonjwa Kutoka Thieta: Saa za Kwanza Katika Wadi

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa uuguzi wanaoanza zamu katika wadi za upasuaji za watu wazima hapa Mombasa.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla machela haijafika: hakikisha oksijeni inatoka na mashine ya kufyonza makohozi inafanya kazi. Mgonjwa akifika, muuguzi wa thieta asiondoke kabla hajakueleza upasuaji uliofanywa, dawa ya usingizi iliyotumika, damu iliyopotea, na saa aliyopewa dawa ya maumivu.

Hatua ya pili ni vipimo. Anza na pumzi, ambazo wengi huzikisia tu. Shika kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo, kisha tazama kifua kwa sekunde 60 kamili, kwa kuwa mgonjwa akijua anahesabiwa hubadilisha upumuaji wake. Pumzi 12 hadi 20 kwa dakika ni za kawaida. Zikipungua baada ya mofini, dawa kali ya maumivu, naye akawa mgumu kuamka, ita msaada papo hapo. Rudia vipimo kila dakika 15 katika saa ya kwanza, kisha ufuate utaratibu wa wadi.

Hatua ya tatu ni kutafuta dalili za kuvuja damu, na hapa usingoje presha ishuke, maana mara nyingi mapigo hutangulia kupanda, ngozi ikawa baridi na mkojo ukapungua. Kwa joto letu la pwani karibu kila mgonjwa hutokwa na jasho, kwa hivyo jasho peke yake si dalili. Gusa paji la uso na vidole vya mgonjwa, na ukikuta jasho juu ya ngozi baridi, mwite daktari wa zamu. Doa la damu kwenye bendeji lizungushie mstari kwa kalamu na uandike saa. Kisha vaa glavu upitishe mkono chini ya mgongo, kwani damu huweza kuteremkia huko bendeji ikionekana safi.

Mgonjwa wa kilo 60 hutarajiwa kutoa angalau mililita 30 za mkojo kwa saa. Mfuko wa mkojo ukiwa mtupu, kagua kwanza kama mpira unaopitisha mkojo umejikunja.

Hatua ya mwisho ni maumivu. Ukimuuliza, “Mzee, waonaje hali?” atakujibu, “Alhamdulillahi,” hata kama mshono unamchoma. Mwombe akohoe huku ameshikilia mto juu ya mshono, nawe umtazame uso. Asiyeweza kukohoa wala kugeuka kwa maumivu anahitaji sasa hivi dawa aliyoandikiwa, kabla hujamketisha kitandani.